Nduru ya Mazoezi

Jumatatu, 3 Machi

Slaidi tena. Ukumbi wa chakula kiwandani, Homa Bay, mapazia yamefungwa ili ukuta uonekane. Wapasuaji samaki wameketi na ovaroli zao nyeupe na gambuti, mikono bado inanuka mbuta, na kabla sijafika mbali nusu yao wamelala. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga miayo huku nasema.

Mada: amonia, ile gesi inayozunguka kwenye mabomba ili samaki wagande. Slaidi zilitengenezwa na mtu wa Nairobi, kwa Kiingereza. Kuna picha ya Mzungu mwenye kofia ya njano anatabasamu, sijui anafurahia nini. Mwishoni kila mtu anatia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo mafunzo yenyewe.

Mwezi uliopita gesi ilivuja kidogo. Nilikuwepo. Macho yaliwasha, koo likakaza, na hakuna aliyekimbia. Wanawake walijifunga leso puani wakaendelea kupasua, jicho moja kwa msimamizi, kwa sababu anayeacha meza bila ruhusa anahesabiwa kuwa hakuja kazini. Msimamizi naye alikuwa anamtafuta meneja. Bomba likazibwa, tukashukuru Mungu, tukanywa chai.

Tangu siku hiyo nina hofu. Siku gesi itakapovuja kweli kweli, watu hawa watakufa wamesimama na visu mkononi, wakisubiri kuambiwa waende.

Kuandaa mafunzo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Nikiwa Migori ninapokaa, naandaa ya wauzaji wa duka letu la samaki. Nikija huku, ya kiwanda. Miaka yote hii sijawahi kuandaa kitu ambacho mtu alikikumbuka kesho yake.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefunga kompyuta. Nimekaa na wanawake wa zamu ya asubuhi kwenye makreti, nyuma ya mashine ya barafu, tukinywa chai. Nikawauliza swali moja. Ni kitu gani kitakufanya uangushe kisu ukimbie bila kumwuliza mtu?

Nikataja king'ora. Walicheka hadi chai ikamwagika. King'ora chetu hulia zamu ikianza, zamu ikiisha, wakati wa chai, na stima ikipotea. Nani atakikimbia?

Aliyejibu ni Nyar Sindo. Ndivyo wanavyomwita, binti wa Sindo, kwa Kijaluo chao, nami namwita hivyo hivyo. Yuko meza ya kwanza. Sauti kubwa, kicheko kikubwa, kisu chepesi. "Nduru, madam. Mtu akipiga nduru mimi natoka. Hapo hakuna cha supavaiza."

Wote wakaitikia. Mtu akifa huku, mwanamke wa kwanza kujua huipiga ile sauti kali, na kila aliyeisikia huacha alichoshika akakimbilia huko. Hata meneja hukimbia. Kwetu Wakuria pia ni hivyo.

Nimesumbua watu kwa barua pepe nikitafuta king'ora kipya, kumbe kiko kooni mwa Nyar Sindo. Nimefurahi. Ni muda mrefu kazi hii haijanifurahisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeipanga kama mchezo wa kuigiza. Okeyo, fundi wa chumba cha mashine, ataanguka mlangoni mwa chumba chake. Nyar Sindo atamwona, atapiga nduru. Wengine waangushe visu, watoke, watazame bendera pale nje, wakimbilie upande upepo unakotoka. Mlinzi wa lango ndiye anayekaa na barakoa ya gesi. Akisikia nduru aivae, aje mbio, amtoe Okeyo. Basi. Hakuna slaidi hata moja.

Okeyo amejitolea mwenyewe. Mtu wa mizaha. Anasema tangu shule ya msingi hajapewa nafasi kwenye mchezo, na leo amepewa ya maiti, atashukuru tu.

Nyar Sindo alisita. Aliuliza kama nduru lazima itoke yote au aiguse tu kidogo. Nikamwambia itoke yote, la sivyo hawatakimbia. Akacheka. Nikachukua kicheko kile kuwa ndiyo.

Bwana Ogutu, meneja, ametia sahihi. Hakusoma.

Jumatano, 12 Machi

Imefaulu! Naandika na viatu bado miguuni.

Nilimfunika Okeyo leso hadi kichwani ili ionekane kweli. Nyar Sindo akafika, akamwona, akapiga. Sijui niielezeje. Nilikuwa naijua inakuja na bado nywele zilinisimama. Visu vilianguka sakafuni vyote. Meza zikabaki na samaki peke yao. Msimamizi mwenyewe alitoka mbio, kofia ikabaki. Wakasimama upande sahihi wa bendera. Mlinzi akaja na barakoa, ameivaa kichwa chini miguu juu, lakini amekuja. Okeyo akaburutwa nje, akafufuka, akawainamia watu kama msanii.

Walisimuliana mchana kutwa. Nani alikimbia vipi, nani alipoteza gambuti. Mwanamke mmoja wa meza ya nyuma aliniambia hatasahau. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu niliyemfundisha.

Kitu kimoja tu. Wale wanawake wanaosubiri langoni kununua mgongo wazi, mifupa ya mbuta wanayokwenda kukaanga, waliisikia nduru wakaipokea. Wakawa wanalia hadi barabarani, na wengine wakaingia ndani kuona. Nimemtuma mlinzi awaambie ni mazoezi. Nadhani wameelewa.

Alhamisi, 13 Machi

Hawakuelewa.

Mmoja wao alipiga simu Mbita, nyumbani kwa kina Okeyo. Okeyo amekufa na gesi, nimemwona kwa macho yangu amefunikwa. Simu ya Okeyo ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku, kama simu za wote, ndiyo sheria yetu. Kabla hajavua ovaroli, mama yake alikuwa anagaragara uani na boma limejaa watu.

Okeyo alikwenda jioni ileile ili wamwone mzima. Nilidhani watafurahi. Watoto walimkimbia. Mama yake, Min Okeyo, alimtazama akiwa nje ya lango akamkataza kuingia. Mtu akishaliliwa haingii nyumbani kwa miguu yake hivi hivi. Mpaka wazee wakae, kondoo achinjwe, maneno yasemwe. Amelala kwa binamu yake karibu na soko. Ameniambia haya kwa simu akicheka, lakini si kicheko cha jana.

Nimempigia mama, Isebania. Alikuwa kwenye kibanda chake cha maharage, malori ya kwenda Sirare yanapiga honi nyuma yake. Nikamweleza yote. Akasema: "Rhobi, umemlilia mtu anapumua? Hata kwetu hatufanyi hivyo. Hukujua?"

Nilijua. Tena nilijua tangu utotoni. Sikuwaza tu. Nilitaka sauti, sikutaka kile ambacho sauti hiyo inasema. Ningemwacha Okeyo aketi kwenye kiti na kuitwa jina la uongo, labda. Ningewatangulia wale wa langoni. Labda, labda.

Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 17 Machi

Wazee walikuja kutoka Mbita. Hawakufoka. Wangefoka ningevumilia. Walikaa kwenye viti vya plastiki ofisini kwa meneja wakauliza, kwa upole, ni mafunzo gani hayo ya kumzika mtu akiwa hai. Kampuni imetoa kondoo. Okeyo ameingizwa kwao. Mama yake presha ilipanda, sasa inashuka.

Walipoondoka, Bwana Ogutu alifunga mlango. Kuanzia leo hakuna kupiga nduru ndani ya kiwanda, kwa mchezo wala kwa kweli. Atakayepiga, kazi imekwisha.

Nikauliza, na gesi ikivuja? Akasema utaratibu upo. Mfanyakazi amwone msimamizi, msimamizi amwone meneja, meneja awashe king'ora. Nikasema king'ora hicho hakuna anayekisikia. Akasema kipya kiko kwenye bajeti ya mwaka ujao. Kisha akanikumbusha ni nani aliyeleta balaa hili. Andika slaidi, Rhobi.

Nimeandika. Ningeweza kukataa, nikarudi Isebania kupima maharage na mama. Sikukataa. Slaidi ya mwisho ina herufi kubwa nyekundu: NI MARUFUKU KUPIGA NDURU KAZINI. Nimeandika kwa Kiswahili ili safari hii waelewe.

Jumanne, 25 Machi

Zamu zote zimepita. Wote wametia sahihi. Hakuna aliyelala.

Nyar Sindo aliinua mkono. "Sasa madam, siku gesi itatoka ya kweli, tufanyeje?" Nikamsomea utaratibu. Msimamizi, meneja, king'ora. "Sawa," akasema, akaja mbele akatia sahihi.

Najidharau.

Alhamisi, 27 Machi

Okeyo anakunywa chai peke yake. Wenzake wanamwita marehemu, kwa mzaha, lakini nimeona kikombe alichokishika hakuna anayekipokea. Nilikwenda nikakaa naye. Akasema nisijali, watazoea. Kisha akanionyesha bomba moja juu ya mlango wake, lina kutu shingoni, ameliripoti. Nikamwuliza ameliripoti kwa nani. Kwa msimamizi, akasema. Utaratibu.

Jumamosi, 5 Aprili

Migori. Mvua imenyesha asubuhi yote, nguo hazikauki. Nimefikiria kengele. Rimu ya gari na nyundo, kama shuleni kwetu. Ining'inizwe karibu na chumba cha mashine, ipigwe kwa gesi tu, isipigwe kwa kitu kingine chochote. Haihitaji bajeti. Haimlilii mtu. Nimemwandikia Bwana Ogutu.

Jibu limekuja jioni. Tuyaache kwanza mambo yapoe.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata rimu kwa fundi wa magari. Nitaibeba Jumatatu nikienda Homa Bay. Bwana Ogutu akikataa nitaitundika mwenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Okeyo amekufa. Safari hii kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilifika jana alasiri. Kiwanda kimefungwa, harufu bado iko getini. Wanawake kadhaa wamelazwa, vifua na macho, daktari anasema watapona.

Nimempata Nyar Sindo nje ya mochari. Leo ni Sabato yao na hakwenda kanisani. Amevaa gambuti zile zile za jana. Alinieleza bila mimi kumwuliza.

Alikwenda kuchukua kreti, akamwona Okeyo ameanguka mlangoni. Pale pale. Hata miguu ilielekea kulekule. Kwa muda mfupi alidhani anacheza. Halafu harufu ikampiga. Akafungua mdomo. Anasema aliufungua kabisa, pumzi ikiwa imejaa kifuani, ndipo akakumbuka maandishi mekundu. Ana watoto shuleni. Akajiziba mdomo kwa mkono wake akaenda kumtafuta msimamizi. Alitembea haraka, anasema. Hakukimbia, maana kukimbia pia kunakatazwa.

Msimamizi alikuwa nyuma, lori linapakiwa. Msimamizi akaenda kumtafuta meneja. Meneja alikuwa kwenye simu. Mlinzi akiwa langoni na barakoa yake hakusikia chochote, kwa kuwa hakukuwa na chochote cha kusikia. King'ora kilipolia, watu waliweka visu chini wakadhani ni chai.

Baadaye gesi yenyewe iliwatoa. Walitazama bendera. Walikimbilia upande sahihi, wote, kama tulivyofanya siku ile. Daktari anasema hiyo ndiyo sababu maiti ni moja tu. Okeyo alikuwa bado anapumua alipotolewa. Alikaa kwenye gesi muda mrefu mno.

Nyar Sindo akaniuliza kama alifanya vibaya. Nikasema hapana. Akarudia kuniuliza.

Jumatatu, 14 Aprili

Rimu iko chini ya meza, nyumba ya wageni. Nimeigonga kwa mguu nikitoka kuoga. Nililia kwa maumivu ya kidole, kisha nikaendelea kulia.

Jumatano, 16 Aprili

Sasa sababu imepatikana. Mji mzima unaijua. Okeyo alililiwa kabla ya wakati, kilio kikamwita, akaenda. Kondoo hakutosha. Wauza mgongo wazi wanasema hivyo, bodaboda wanasema hivyo. Mwanamke anayeniuzia maziwa alisema hivyo akiwa hajui anaongea na nani.

Bwana Ogutu naye anasema hivyo. Mtu mwenye digrii mbili! Amesema mbele ya kamati ya uchunguzi kwamba yeye haamini mambo haya sana, lakini watu wa huku wana mila zao na mimi nilizikanyaga. Imemfaa. Kilio kikiwa ndicho kilichoua, basi bomba lenye kutu halikuua, na king'ora hakikuua, na slaidi haikuua.

Slaidi haijatajwa na mtu yeyote. Nami sikuitaja. Nilikaa kwenye kamati ile nimefunga mdomo kama Nyar Sindo. Nikiisema, wataniuliza nani alimwona Okeyo kwanza, na kwa nini alinyamaza, na mzigo wote utamwangukia yeye. Hiyo ni sababu nzuri. Sijui kama ndiyo sababu yangu. Ninaogopa pia.

Waliokimbia upande sahihi walifundishwa na nduru. Aliyekufa aliuawa na kimya. Mimi ndiye niliyefundisha vyote viwili.

Jumamosi, 19 Aprili

Migori. Siamki. Simu inalia, naitazama.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeambiwa niandae mafunzo mapya kwa ajili ya kufungua kiwanda. Yawe mafupi. Yawe ya kuvutia, wameandika, ya kuvutia. Kama itafaa niweke picha ya marehemu.

Maji yakimwagika hayazoleki, mama ameniambia. Rudi nyumbani. Nimemwambia nitafikiri.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo anazikwa. Nimeshauriwa nisiende kwa usalama wangu. Nimefua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda Mbita. Nyar Sindo alikubali kunisindikiza.

Boma limekuwa tulivu. Hema limekunjwa, viti vya kukodi vimepangwa juu kwa juu vikisubiri mwenyewe. Kaburi liko upande wa kushoto, udongo bado mwekundu na mbichi. Nilitegemea kufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa, karibu nilitaka.

Min Okeyo alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Mwembamba kuliko nilivyomwazia. Alinikaribisha niketi, akaniita nyathina, mwanangu. Hajui Kiswahili cha kutosha, nami Kijaluo changu ni cha sokoni, kwa hiyo Nyar Sindo aliketi katikati yetu. Nikaanza kuomba msamaha kwa ile siku ya mazoezi. Alinikatiza kwa mkono. Aliongea polepole, akitazama kaburi.

Nyar Sindo alitafsiri. Mama anasema, ile siku ya kwanza alilia hadi machozi yakaisha, na mwanawe alipozikwa Ijumaa akakuta hana tena. Hajakukasirikia. Ana swali moja.

Swali lenyewe Nyar Sindo hakulitafsiri. Mama akalirudia swali, nami nikalisikia neno moja nilijualo, nduru.

"Anauliza," Nyar Sindo akasema, macho chini, "mtoto alipoanguka, nani alimpigia nduru?"

Kuku walikuwa wanachakura karibu na kaburi. Nikasema, hakuna. Nikasema mimi ndiye niliyekataza, kwa maandishi, na watu wakanitii. Nilimwomba Nyar Sindo atafsiri yote, asipunguze, asijiingize ndani yake. Alichukua muda mrefu. Alipofika mwisho Min Okeyo akamshika goti.

Mama aliinuka, akaingia ndani, akarudi na sahani ya omena, dagaa wa ziwani, na ugali akaiweka mbele yetu. Akaonyesha kwa mkono tule kwanza, Migori ni mbali.

Tulikula.